Kisu chako cha kwanza kutoka panga kuukuu

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Lazima ninunue fuawe? Nondo inafaa? Mbona kisu kilitoka mafutani kimejipinda kama mundu? Kwa nini kilivunjika kama kigae siku ya pili? Mwongozo huu unayajibu kwa kutengeneza kisu kimoja tu: kisu cha jikoni chenye ubapa wa sentimita 13, cha kupasulia samaki kama tafi na kukatia vitunguu, kinachotolewa kwenye panga la shamba lililochoka. Hakifuliwi kwa nyundo, kwa hivyo fuawe huihitaji. Unakata, unasaga, unachoma, unatia mpini. Mtu anayefanya kazi Jumamosi na Jumapili humaliza kwa wikendi mbili au tatu.

Kwa nini panga? Kwa sababu ni bapa tayari, unene wake wa milimita 2 hadi 3 ndio unaotakiwa kwa kisu cha jikoni, na mara nyingi lina kaboni ya kutosha kukaza, yaani kuwa gumu, kwa moto. Springi ya gari ni chuma kizuri mno, lakini imepinda na ni nene, kwa hivyo bila kufuliwa utasaga wiki nzima. Iache iwe kisu cha tatu. Tupa kuukuu, ile zana ya kusugulia chuma, nayo ni nzuri, ila huanza ikiwa ngumu kiasi kwamba msumeno hauigusi mpaka uichome na kuifukia kwenye majivu usiku kucha. Nondo iache kabisa, kwani kaboni yake ni ndogo na haikazi hata ukiichoma mara kumi. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria na vijiko, hakikubali moto wa jiko la nyumbani.

VINAVYOHITAJIKA

Malighafi:
- Panga kuukuu moja lisilo na kutu iliyochimba mashimo. Wakwezi na wafua nazi hutupa mazuri kuliko yale utakayouziwa.
- Vipande viwili vya mbao kavu, kila kimoja sentimita 13 kwa 4, unene sentimita 1. Ulizia mabaki kwa wachongaji wa Changamwe, hapa Mombasa. Mwarobaini, mvule au muhugu zote zinafaa. Mpingo ni mzuri ila hupasuka ukitobolewa kwa haraka.
- Kijiti cha shaba cha kuchomelea, kipenyo milimita 3.2, urefu sentimita 10.
- Gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano haidumu jikoni.
- Mafuta ya kupikia ya maji, lita 4, na kopo refu la chuma lenye kifuniko.
- Makaa, debe moja. Ukiweza kuchanganya makaa ya vifuu, bora zaidi, moto wake ni mkali. Vifuu vibichi vichome kwanza vimalize moshi.
- Msasa namba 80, 120, 220 na 400, karatasi tatu za kila namba.

Zana:
- Grenda ya mkono, diski za kukatia za milimita 1, na diski moja ya msasa wa majani-majani namba 60.
- Tupa bapa ya inchi 10, mpya. Hapa usibane pesa, kwani tupa butu ndiyo huwakatisha wengi tamaa.
- Jiliwa (kibanio cha chuma) iliyofungwa imara mezani, klampu mbili, na vipande viwili vya chuma cha pembe vya sentimita 25.
- Drili na keekee za milimita 3.5 na 2.5.
- Sumaku, koleo refu, ndoo ya maji, kinoo cha pande mbili, na kipimajoto cha oveni.
- Miwani ya kazi, barakoa ya vumbi na viatu vilivyofunika vidole.

Kabla ya kuwasha chochote: usisage chini ya makuti. Cheche ya grenda hukaa ndani ya makuti kimya, halafu huwaka ukiwa umeshaingia kuoga. Usiondoe kinga ya grenda hata kama inakuzuia kuona. Kanzu, leso na kikoi vibaki ndani, na glavu zivuliwe unapotumia drili, maana keekee ikishika uzi huuvuta na kidole chake.

HATUA

1. Lijaribu panga.

Watu huiruka hatua hii, kisha wanajuta baada ya saa nane za kusaga. Kata kijipande cha sentimita 2 kwa 8 upande wa ncha. Kichome kwenye makaa mpaka sumaku isikishike, ongeza moto kidogo, kisha kitumbukize haraka kwenye mafuta ya kupikia. Kikipoa, pitisha kona ya tupa juu yake. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, umepata chuma. Tupa ikila, rudia mara moja kwa moto mkali kidogo. Ikila tena, tafuta panga lingine. Usijaribu kuokoa chuma dhaifu kwa kukichovya kwenye maji.

Kijipande kilichokaza kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, ukigonge kwa nyundo. Kikivunjika, tazama ndani. Chembe laini za kijivu, kama kigae cha kaure, ni dalili njema. Chembe kubwa zinazong'aa kama sukari guru zinaonyesha ulizidisha moto. Kumbuka rangi ya moto uliotumia. Ndiyo utakayoihitaji hatua ya 6.

2. Chora na kata.

Chora kisu kwenye kadibodi kwanza na ukishike mkononi. Vipimo vya kuanzia: urefu wote sentimita 25, ubapa 13, msuka (sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini) 12, kimo cha ubapa milimita 35, kimo cha msuka milimita 25. Msuka uwe mpana kama mpini wenyewe, si ule mwembamba wa kuchomeka. Huo una shida zake. Pale ubapa unapokutana na msuka weka mviringo, si kona kali. Kona kali ndipo ufa huanzia.

Hamishia mchoro kwenye panga, kata kwa diski ukiacha milimita 2 nje ya mstari. Kata kidogo kidogo ukichovya majini. Tumia maji matamu. Maji ya kisima ya mitaa mingi ya hapa yana chumvi, na kutu yake utaiona kabla hujanywa chai.

3. Maliza umbo na utoboe.

Bana kwenye jiliwa, fuata mstari kwa tupa. Tupa hukata ikisukumwa mbele; irudishe ikiwa imeinuliwa. Ipake chaki ili vumbi la chuma lisikwame kwenye meno.

Toboa matundu mawili ya milimita 3.5 kwenye msuka, moja sentimita 3 kutoka mwanzo wa mpini, jingine sentimita 3 kutoka mwisho. Toboa sasa, kwani kisu kikishakazwa keekee haitaingia. Drili izunguke polepole na utie matone ya mafuta. Ikilia bila kukata, usisukume kwa nguvu: chuma kitapata moto hapo, kikaze, na keekee iungue.

4. Saga kuelekea makali.

Kwanza uhakikishe makali yatakaa katikati. Chukua keekee yenye kipenyo sawa na unene wa panga lako, kwa mfano milimita 2.5. Laza kisu juu ya kioo, laza keekee pembeni, na kwa ncha yake kwaruza ukingo wa makali kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo huo ndio katikati. Ukipaka wino kwanza, utauona vizuri.

Bana kisu juu ya ubao, sukuma tupa kwa mshazari kutoka ukingoni kuelekea mgongoni. Fanya viharusi kumi upande mmoja, kumi upande wa pili. Diski ya msasa huharakisha, lakini pia huchimba shimo kwa sekunde mbili, na shimo halirudishwi. Kwa kisu cha kwanza, tupa ina subira kuliko wewe.

Simama ukingo ukibaki na unene wa milimita 1. Kadi ya benki ina milimita 0.76, ukingo wako uwe mnene kidogo kuliko hiyo. Ukiupunguza zaidi sasa, utajikunja kama kaimati motoni au upasuke mafutani. Kisha futa mistari yote ya tupa kwa msasa 120 na 220. Mstari mzito uliobaki ni mwanzo wa ufa.

5. Tuliza chuma.

Jiko la duara halitoshi, litachoma katikati tu. Panga matofali mistari miwili, uache mfereji wa sentimita 10 kwa 30. Chini laza bomba jeusi la chuma la inchi 1, lililozibwa mwisho mmoja na kutobolewa matundu ya milimita 5 kila sentimita 4. Mwisho wa pili unganisha na kikausha nywele cha zamani. Usitumie bomba lililopakwa zinki. Moshi wake mweupe huleta homa na kichefuchefu. Vunja makaa yawe saizi ya ndimu.

Fanya kazi hii baada ya magharibi, taa zikiwa zimezimwa. Mchana wa Mombasa ni mwangavu mno. Utadhani chuma bado kimepoa kumbe kinaungua.

Pasha kisu polepole, ukikisogeza mbele na nyuma ili ncha isitangulie. Sumaku ikiacha kushika, kitoe, kining'inize hewani mpaka kiwe cheusi kabisa. Rudia mara tatu. Hii huondoa mkazo uliotokana na kukatwa na kusagwa, na bila hiyo panga jembamba karibu hakika litapinda.

6. Choma na uchovye.

Tayarisha kila kitu kabla: mafuta, koleo, na jiliwa iliyofunguliwa ikiwa na vyuma vya pembe pande zote mbili. Pasha mafuta hadi nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto. Mafuta ya vuguvugu ni mepesi na hupoza haraka kuliko yaliyopoa, ingawa watu wengi hawaamini mpaka wajaribu. Oili chafu ya gari usitumie. Moshi wake ni sumu na kisu hiki kinaenda jikoni. Kifuniko na ndoo ya mchanga viwe karibu. Mafuta yakiwaka, funika. Maji hapana.

Pasha mpaka sumaku isishike, hiyo ni takriban nyuzi 770, kisha ongeza kivuli kimoja cha rangi, nyekundu ianze kuelekea chungwa. Ukitaka uhakika, nyunyiza chembe za chumvi ya mezani juu ya ubapa: huyeyuka kwenye nyuzi 801. Zikiyeyuka, uko tayari. Ubapa wote uwe rangi moja. Msuka si lazima.

Toa na utumbukize bila kusita, ncha ikitangulia, wima kama mshumaa. Usikoroge kushoto na kulia. Ukitaka kukisogeza, kisogeze kuelekea makali na mgongo tu. Hesabu hadi saba, kitoe, na papo hapo kibane kati ya vyuma vya pembe. Una sekunde chache ambazo chuma bado kinakubali kunyooshwa. Kiache humo dakika tano.

Jaribu kwa tupa ukingoni. Iteleze. Ikila, rudi hatua ya 5 kwa mzunguko mmoja, kisha uchome tena.

Sasa kisu ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Kikianguka sakafuni basi.

7. Punguza ugumu, usiku huohuo.

Safisha ubapa kwa msasa mpaka chuma king'ae upate kuona rangi. Oveni iwe nyuzi 200 kwa kipimajoto chako, si kwa namba za kitasa. Saa moja, toa kipoe, kisha saa moja tena. Huna oveni? Sufuria nzito yenye mchanga mkavu wa sentimita 5 juu ya moto mdogo, kisu juu yake, mfuniko, na kipimajoto ndani. Mchanga uwe wa mtoni uliooshwa, maana wa pwani una chumvi.

Rangi unayotaka ni manjano ya makuti makavu. Kahawia bado si mbaya. Zambarau au buluu ukingoni: umelainika mno, rudia hatua ya 6.

8. Punguza ukingo na ung'arishe.

Toa unene uliobaki, ukingo ufike milimita 0.3 hivi. Kuanzia hapa shika kisu bila glavu. Kidole kikiona moto, majini mara moja. Grenda huweza kuunguza ukingo mwembamba kwa sekunde moja, na sehemu iliyoungua haitashika makali tena hata unoe mwaka mzima. Msasa wa mkono juu ya ubao ni salama zaidi. Malizia na namba 400 kwa urefu wa kisu.

9. Tia mpini.

Funga ubapa kwa gazeti na utepe. Toboa kibao cha kwanza ukitumia matundu ya msuka kama kielelezo, kisha cha pili. Weka vyote pamoja bila gundi kuhakikisha vijiti vya shaba vinapita.

Ncha za mbele za vibao, zile zinazotazama ubapa, zipige msasa hadi namba 400 kabla ya kugundisha. Baadaye hutazifikia bila kukwaruza kisu. Ni kosa dogo ambalo karibu kila kisu cha kwanza huwa nalo.

Kwaruza msuka na ndani ya vibao kwa msasa 80, futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Changanya gundi sehemu sawa kwa sawa, paka kila upande, tia vijiti, bana kwa klampu kiasi tu. Ukikaza kwa nguvu zote gundi yote hutoka pembeni na mbao hubaki kavu. Futa iliyomwagikia ubapani kwa kitambaa chenye spiriti ingali mbichi.

Baada ya saa 24, kata vijiti, tengeneza umbo kwa tupa na msasa. Barakoa ivaliwe: vumbi la mvule huwasha pua na kifua. Paka mafuta ya kitani mara tatu, siku moja kati ya kila mpako.

10. Noa.

Lowesha kinoo. Ubapa wa milimita 35 ukiinuliwa mgongo milimita 10 hivi juu ya jiwe, unapata pembe ya nyuzi kama 17, nzuri kwa jikoni. Noa upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili uhisi kiunywele cha chuma kimejikunja urefu wote. Geuza, fanya vivyo hivyo. Hamia upande laini wa jiwe, punguza nguvu, kisha sugua mara ishirini kwenye mshipi wa ngozi. Nyanya iliyoiva ndiyo hakimu, karatasi hudanganya.

KIKIHARIBIKA

Kimepinda baada ya kuchovywa. Usikigonge kwa nyundo. Kwenye mzunguko wa pili wa oveni kibane juu ya chuma kilichonyooka, weka sarafu chini ya tumbo la pindo ili kivutwe kidogo kupita unyoofu. Kikigoma, rudia hatua ya 5.

Kulisikika mlio mdogo mafutani. Huo ni ufa. Kipake mafuta ya taa, futa, nyunyiza vumbi la chaki. Mstari wa unyevu utajitokeza. Ufa hauzibiki, kata kisu kifupi zaidi.

Sehemu ngumu, sehemu laini. Moto haukuwa sawa, kwa kawaida ncha ilikuwa tayari na upande wa mpini bado. Vunja makaa yawe madogo na upunguze upepo.

Makali yanavunjika vipande. Bado ni kigumu mno. Ongeza mzunguko mmoja wa nyuzi 220. Makali yakijikunja badala ya kuvunjika, ama kimelainika mno au ukingo ni mwembamba mno. Noa kwa pembe kubwa zaidi kabla ya kurudia moto wote.

Mpini umeachia nafasi. Mbao haikuwa kavu. Wakati wa kusi, mbao iliyokaa nje hubeba unyevu hata ikionekana kavu. Iweke ndani mwezi mzima kabla ya kutumia.

Kutu. Huu si ugonjwa, ni Mombasa. Kisu hiki si cha kuacha kwenye sinki wala kulaza kwenye maji ya samaki. Osha, kausha papo hapo, pitisha tone la mafuta ya nazi. Kwa miezi michache ubapa utageuka kijivu kutokana na ndimu, vitunguu na ukwaju. Rangi hiyo ni kinga, usiisugue. Kutu ya rangi ya chungwa ndiyo ya kusugua. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na chumvi. Ubao mkavu ukutani unatosha.

Ukikipeleka kwa mtu ng'ambo ya Likoni, kifunge kwa kadibodi na utepe, kikae chini ya mkoba. Kisu kitupu mkononi feri au ndani ya matatu kitakuletea maswali, na jibu la "nimekitengeneza mwenyewe" halisaidii.

Panga lako bado lina kipande upande wa mpini, sentimita 15 au zaidi. Hicho ni kisu kidogo cha kumenyea, na chuma chake umeshakijaribu.